Uzoefu wangu: laptopu, monita na printa ya picha, na vile kioo kilinidanganya mwaka mzima

Nianze na picha ya shosho. Nilikuwa nimepiga picha za ruracio moja (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) huko Githunguri, na kabla watu hawajaanza kula nikamwona shosho wa bibi harusi amekaa kwa kiti cha plastiki chini ya mparachichi, leso ya maua mabegani, anacheka meno yote nje. Nikapiga. Nyumbani nikaifungua kwa laptopu nikaishughulikia jioni nzima, na kwa skirini ilikuwa safi kabisa, ile mikunjo ya kando ya macho unaihesabu. Nikapeleka tao ikachapwa inchi 8 kwa 10, nikaitia fremu, nikawapelekea. Mama ya bibi harusi akaishika, akasogea nayo mpaka mlangoni kwenye mwanga, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Kijana wangu, mama yangu si mweusi hivi. Uso wake umeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mashavu yote yalikuwa doa moja la giza, kilichokuwa kinaonekana ni meno na leso. Ile swali haijanitoka mpaka leo.

Nikadhani ni duka la kuchapa ndilo limeharibu, kwa hivyo nikapeleka faili ileile duka la pili, halafu la tatu. Nikazipanga zote tatu kwa meza pale studio yangu Umoja, nikakuta giza ni moja, mahali palepale kwa shavu. Sasa watu watatu hawajuani, mashine tofauti, karatasi tofauti, wote wakosee sawasawa? Shida ilikuwa kwangu.

Laptopu yangu ni ya mtumba, hizi za ex-UK, niliinunua Moi Avenue kwa 34,000, na nikiwa nanunua nilikuwa naangalia kasi peke yake. Kwa upande huo sikukosea na bado naipendekeza. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni i5 ya kizazi cha 8, na hicho kizazi kina maana kubwa kwa mtu wa picha kwa sababu i5 za laptopu ndogo kabla ya hapo zilikuwa na kori mbili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi pamoja), na kuanzia ile i5-8250U ya 2017 zikawa nne, unaisikia kabisa ukiwa unatoa picha 400 za harusi kwa Lightroom, programu ya kurekebisha picha. Kitu kingine, kuanzia kizazi cha 8 ndiyo Windows 11 inakubali rasmi, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia kizazi cha 6 au 7 bei ya kutupwa ujue ni kwa nini. Ilikuja na ramu ya 8 nikaongeza ikawa 16, hiyo usifikirie mara mbili. Faili mbichi (RAW, picha vile kamera imeinasa kabla haijarekebishwa) ya kamera ya megapikseli 24 inacheza kama MB 25 hivi, ukipiga 1,500 siku ya harusi hiyo inakaribia GB 40, na ukifungua Photoshop na Lightroom pamoja kwa ramu ya 8 unakaa ukingoja kama mtu wa foleni ya huduma. SSD ya GB 500 ndani, diski mbili za nje za TB 2, moja inakaa studio nyingine nyumbani. Hapo sina maneno mengi.

Kioo sasa. Kwa karatasi ya maelezo kilikuwa kimeandikwa 45% NTSC na mimi sikujua hiyo ni nini. Maana yake ni kwamba kioo kinaweza kuonyesha kama theluthi mbili hivi ya rangi za sRGB, ambazo ndizo rangi za kawaida za picha za simu na intaneti. Na ni paneli ya TN, aina ya bei ya chini ambayo rangi hubadilika ukibadilisha pembe ya kuangalia. Ukitaka kujua TN ni nini fungua uso wa mtu mweusi, halafu inamisha kioo polepole, nyuma, mbele. Nilifanya hivyo na ile picha ya shosho. Upande mmoja uso unakuwa wa majivu, upande wa pili unakuwa mkaa, na hapo katikati kuna mahali padogo, kama upana wa vidole viwili vya mwendo, ndipo uso unakuwa uso. Mwaka mzima nilikuwa narekebisha ngozi za watu kwa kitu kinachobadilika nikijiweka tu vizuri kwa kiti.

Lakini hilo halikuwa hata kubwa. Kubwa ni mwangaza. Mimi nilikuwa naweka mwangaza wa skirini mpaka mwisho, nani hafanyi hivyo? Skirini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, karatasi inangoja mwanga wa nyumba uigonge urudi. Kwa hivyo picha ikiwa na giza, skirini kali inakuonyesha bado kuna maelezo mengi kwa vivuli, unatosheka, unaacha, hata unaipunguza zaidi ili ikae ya kisinema. Ikifika kwa karatasi vile vivuli vinakufa vyote. Na sisi ngozi zetu ziko hapohapo kwa vivuli. Mzungu wa picha hiyohiyo angetoka na giza kidogo tu, shosho wetu anapotea kabisa. Ndiyo maana naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu hawa ndio watu tunawapiga kila Jumamosi.

Nikaanza kutafuta monita. Nilizunguka wiki mbili kati ya Luthuli na Moi Avenue na flashi mfukoni yenye picha tatu tu: moja kijivu tupu, moja nyeupe tupu, ya tatu shosho. Ile ya kijivu inakutolea madoa, ukiona kona imekuwa ya njano au waridi rudisha. Nyeupe inaonyesha nukta zilizokufa. Shosho nilikuwa naye kwa sababu nilishamjua uso wake kwa mwanga wa jua. Wauzaji wengine walichoka na mimi, mmoja akaniambia niache mchezo ninunue ama niende. Mwishowe nikachukua Dell U2415 ya mtumba kwa 17,000, inchi 24, paneli ya IPS (rangi zake hazibadiliki sana ukiiangalia kwa pembe), pikseli 1920 kwa 1200, ambayo ilitoka kiwandani imepimwa kwa 99% ya sRGB. Haina tundu la VGA, kwa hivyo hakikisha mashine yako ina HDMI. Niliibeba kwa mapaja ndani ya matatu mpaka Umoja, kioo kikiangalia tumbo langu, kila tuta nikiinua miguu juu.

Nikaiwasha nikaona rangi zimebadilika sana nikadhani kazi imeisha. Haijaisha. Ikaja kalibreta, kile kifaa unakining'iniza mbele ya kioo kinasoma rangi zinazotoka na kutengeneza profaili, faili inayoiambia kompyuta jinsi ya kurekebisha rangi za kioo. Mpya iko bei, mimi nilikodisha kwa mpiga picha mmoja wa Buruburu, 1,500 kwa siku, nikatumia programu ya bure inaitwa DisplayCAL. Niliweka 6500K (rangi ya weupe), gama 2.2 (vile giza linapanda kwenda mwanga), na mwangaza kandela 100 kwa mita ya mraba. Monita yangu kabla ya kuguswa ilisoma 240 na kitu. Zaidi ya mara mbili! Nilipoishusha mpaka 100 nikaona kama chumba kimeingia jioni, nikachukia, nikangoja. Baada ya kama nusu saa macho yakazoea, nikamfungua shosho, na pale kwa monita, kwa mara ya kwanza, nikamwona vile mama yule alimwona mlangoni. Giza tupu. Nilijaribu kukalibreti kioo cha laptopu pia, kikatulia kidogo, lakini kalibreta haiwezi kuleta rangi ambayo paneli haina, kwa hivyo laptopu sasa ni ya kuchagua picha, rangi nafanyia kwa monita.

Ukuta wa nyuma ya meza ulikuwa kijani ya pistachio, nikaupaka kijivu. Monita nikaigeuza dirisha liwe ubavuni. Hizo hazikunigharimu kitu cha maana na zilisaidia.

Printa nilinunua mpya, Epson L8050, A4, 49,500. Sababu ni moja, wino sita. Printa za matangi ambazo ziko kila saibakafe zina wino nne, ni za karatasi za ofisi, ukichapa uso unaona vinukta vidogo pale paji la uso linapong'aa. Hii ina samawati hafifu na majenta hafifu zaidi ya zile nne, ngozi inateremka kutoka mwanga kwenda kivuli bila kurukaruka. Haina skana, usiitegemee kwa hiyo kazi.

Wiki ya kwanza kila uso ulikuwa unatoka mwekundu kama umesuguliwa na tofali. Ni mimi nilikuwa narekebisha rangi mara mbili: Photoshop inasimamia rangi na dreva ya printa (programu inayoiendesha) pia inasimamia, kila mmoja anaongeza yake. Chagua mmoja. Mimi nimeachia Photoshop na profaili ya ile karatasi, kwa dreva nikazima kabisa. Na karatasi usibanie, ile ya bei ya chini sana wino unasimama juu kama maji kwa meza ya kioo, natumia lasta, karatasi ya mng'ao wa wastani, ya gramu 260.

Usiiache ikae bure. Desemba nilienda nyumbani Kakamega wiki tatu, kurudi picha zinatoka na mistari myeupe, nikaisafisha kichwa, pale wino unapotokea, mara nne na kusafisha kunakunywa wino kweli. Sasa kila Jumatatu nachapa picha moja ya rangi nyingi, 4 kwa 6. Na usiizime ukutani, izime na kitufe chake, kwa sababu ndipo inarudisha kichwa mahali pake na kukifunika kisikauke. Ndiyo maana nikanunua na UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, ya 8,000, maana stima ikipotea katikati ya karatasi kichwa kinabaki wazi pale njiani.

Kuhusu kamera, usidanganywe uongeze megapikseli. Inchi 8 kwa 10 kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli 2400 kwa 3000, megapikseli 7 na kitu. Kamera yangu ya zamani ya 24 inatosha na kubaki.

Picha ya shosho niliianza upya kutoka faili mbichi, nikainua vivuli vya uso peke yake, leso nikaiacha. Nikachapa tatu, moja baada ya nyingine, kila moja nikiipeleka dirishani kwanza kwa sababu taa ya LED ya studio inaipaka ukijani. Ya tatu nikaiweka kwa fremu ileile, nikapanda gari la Githunguri. Mama hakusema mengi, aliitundika hapohapo kando ya kalenda. Mimi kwa kalenda yangu hapa nimeandika tarehe ya kukodisha kalibreta tena, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kwa sababu monita za mtumba zinahama rangi polepole na jicho halikuambii.