Kapu la kupikia: miezi minne nalo, maharage nayasifia ila ukoko sahau

Mwenzenu nimekaa na hili kapu miezi minne sasa, nimeona niandike maana kabla sijanunua nilitafuta mtu wa kuniambia ukweli nikakosa, wote niliowakuta walikuwa wanaliuza.

Kwa wasiolijua, ni kapu la ukindu la kawaida kabisa, yale ya sokoni yaliyorudi kwa kasi tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ila ndani limeshonewa kitenge na kati ya kitenge na ukindu wameshindilia sufi, ile ile ya mito, afu juu kuna mto mnene wa kufunikia. Halina waya wala betri. Unabandika chakula jikoni kama kawaida, kikiwa bado kinatokota unaepua unakiingiza humo na mfuniko wake, unafunika, jiko unazima, chakula kinamalizikia kwa joto lake chenyewe. Yaani ni chupa ya chai, ila hii inameza sufuria. Nililipata kwa elfu 35 kwa fundi cherehani wa mtaani, alianzia 45.

Sasa uongo wa biashara. Niliambiwa, "Dada, chemsha maharage dakika kumi tu, weka, nenda zako kazini, ukirudi unakula." Nikaamini. Kesho yake nimeamka saa kumi na moja alfajiri, maharage sikuyaloweka, nikayachemsha dakika kumi za kuhesabu, nikaweka kapuni nikawahi daladala. Foleni ya jioni mnaijua, nimeingia ndani saa mbili usiku, kuondoa tu ule mto nikakutana na harufu ya kuchacha na mapovu yametanda juu, na maharage yenyewe bado magumu kama changarawe. Yote nikamwaga. Siku hiyo ningekutana na yule fundi njiani tungeelewana vibaya.

Baadae ndo nikaja kujua nilikosea wapi. Kapu halipiki, linachelewesha tu joto kutoka. Ukiliacha masaa kumi na tano chakula kinafika kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndo vijidudu wanapopapenda. Afu nilikuwa nimeweka maharage kidogo kwenye sufuria kubwa, nusu yote hewa, inapoa haraka mno. Na maharage mekundu yana sumu yake ya asili ambayo inaisha kwa kutokota kweli kweli, ukiyaacha kwenye joto la kati kati unaweza kutapika ukadhani umerogwa.

Ninavyofanya siku hizi: nayaloweka asubuhi kabla sijatoka, nikirudi namwaga yale maji naweka mengine, yanatokota nusu saa nzima, sufuria inakaribia kujaa, moja kwa moja kapuni bila kufunua funua kuchungulia. Baada ya kama masaa matatu yanakuwa laini kabisa, nayarudisha jikoni dakika chache yatokote tena na kuyaunga. Hayajawahi kuniangusha tangu hapo. Ila niseme haki, sehemu ya hizo sifa ni za kuloweka, hata asiye na kapu akiloweka tu ataona tofauti kwenye mkaa.

Na mkaa ndo ulionifanya nijaribu. Hapa Dar unatufikia toka Pwani, Morogoro mpaka Tanga huko, na kwenye matanuri ya udongo kilo moja ya mkaa inaweza kumeza kilo tano mpaka kumi za mti, ukishajua hivyo unauona tofauti ule moto unaobaki jikoni unawaka bure mmeshamaliza kula. Kiroba changu kilikuwa kinakaa siku nane, sasa kinafika kumi na mbili, siku nyingine kumi na tatu. Nyumbani tuko watatu, wewe mwenye familia kubwa hesabu zako zitakuwa tofauti. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 yetu tuwe kwenye nishati safi ya kupikia, sawa, ila mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 na mshahara uko tarehe 28 mimi narudi kwenye mkaa, na hata gesi yenyewe ukiwa na kapu unaiwasha muda mfupi.

Wali unatoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Maji yakikaribia kukauka naepua, kapuni nusu saa, hakuna kupalia makaa juu ya mfuniko, hakuna kuungua. Shida ni moja, hautoi ukoko. Mdogo wangu aligoma kabisa, anasema wali wa nazi bila ukoko ni chakula cha hospitali, kwa hiyo Jumapili napalia kama zamani ili tusigombane.

Ugali, chapati, chipsi, hapo kapu ni pambo. Kuku wa kienyeji anaiva, ila mtokoteshe kama dakika 45 kwanza na umpashe tena kabla ya kula.

Bibi yangu alikuja kutoka Same, nikamwonyesha kwa mbwembwe zote, akaliangalia weee akasema, "Mjukuu wangu, sisi makande tulikuwa tunayaacha mafigani usiku, majivu yanayaivisha mpaka asubuhi, hivi hili umelipa hela?" Sikuwa na jibu. Makande yenyewe aliyala akaongeza.

Kasoro nyingine ni masizi. Sufuria zetu hazina mikono, unaibeba inatokota na vitambaa viwili huku tako lake jeusi tii, wiki ya pili kile kitenge kizuri kilikuwa kama cha gereji. Nikaanza kuweka ngata ya khanga kuukuu chini, hiyo naifua peke yake.

Ukienda kununua usiangalie rangi za kitenge, kivute uone kama kinatoka ukakifue peke yake, maana sufi haipendi kabisa maji. Changu kimeshonewa moja kwa moja, na siku supu ilipomwagikia humo nililianika juani siku tatu, mpaka leo linanukia kitunguu saumu, mdogo wangu anasema hata likiwa tupu linapika.