Huduma tatu za mikutano ya sauti, miezi minne, na ule muziki

Muziki ulianza mhasibu wetu akiwa katikati ya kusoma makusanyo ya mwezi. Kinanda, halafu filimbi, halafu sauti ya mwanamke ikituambia kwa upole kwamba simu yetu ni muhimu sana. Tulikuwa watu 14 kwenye mkutano, na mmoja wetu alikuwa amepokea simu nyingine akaiacha yetu ikisubiri. Swichibodi ya ofisini kwake ikafanya kazi yake ya kutuburudisha. "Nani huyo ameweka muziki?" Kila mtu akauliza, isipokuwa mwenyewe, maana ndiye pekee ambaye hakuwa anausikia. Mwenyekiti hakuwa na njia ya kujua unatoka laini ipi. Tukakubaliana sote tukate tupige upya. Tuliporudi, tuliukuta mle mle ndani unatusubiri, kwa sababu yeye hakukata.

Mimi ndiye ninayeandaa mikutano hiyo. Jioni ile bosi akaniambia nitafute huduma nyingine, na kwa miezi minne nikajaribu mbili mpya huku ile tuliyokuwa nayo ikiendelea. Sizitaji majina. Moja nitaiita ya zamani, nyingine ya orodha ndefu kwa sababu ilijinadi kwa orodha ndefu ya vipengele, na ya mwisho ni ya tatu tu, haina mbwembwe ya kuitia jina.

Mtu atauliza kwa nini sauti peke yake wakati kila simu siku hizi ina kamera. Kwanza si kila simu. Wenzetu wawili wa ghalani wanatumia simu za vibonye na hawana haja ya nyingine. Pili, wengine huwa barabarani, mtandao unakuja na kupotea. Picha inamaliza bando, na tunachoambulia ni kutazamana mapaji ya uso. Kwa kusomeana hesabu na kupangiana kazi, sauti inatosha, ilimradi isikike.

Na hapo kwenye kusikika ndipo nilipojifunza mengi, kwa sababu ile ya orodha ndefu ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa kwamba ina "sauti ya HD", yaani sauti pana na safi kuliko ya simu ya kawaida. Simu ya kawaida hubeba masafa kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3400 hivi, basi. Herufi kama s, f na th zina sehemu kubwa ya mlio wao juu ya hapo, ndiyo maana kwenye simu mtu akikutajia jina geni unamwomba alitaje herufi kwa herufi. Sauti pana imekuwepo kitambo: kiwango cha kubana sauti cha G.722, kinachofika Hz 7000, kilipitishwa mwaka 1988, na kingine, Opus, ambayo programu nyingi za sasa zinaitumia, ilitoka mwaka 2012 na inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde au kupanda hadi 510 kutegemea mtandao ulivyo. Kwa hiyo HD si uongo. Ila mtu akiingia mkutanoni kwa kupiga namba ya simu ya kawaida, sauti yake inafika kwenye mtambo ikiwa imeshabanwa, na hakuna mtambo wa kurudisha kilichokwisha kukatwa. Nusu ya watu wetu wanaingia kwa namba. HD yao ilikuwa ya nusu mkutano, na nusu yenyewe ni ile iliyokaa ofisini, ambayo tayari ilikuwa inasikika vizuri.

Kilichotuumiza zaidi ni sauti kukatika. Siku moja msimamizi wa ghala alisema ana katoni themanini, mimi nikaandika thelathini. Silabi za katikati zilimezwa: "the… ni". Lori likaja na nafasi ya thelathini. Tangu hapo nikaanza kupima huduma kwa tarakimu, si kwa "mnanisikia?", kwa kuwa jibu la "mnanisikia?" ni ndiyo hata kama mtu anasikia robo. Namwambia mtu aliye barabarani anisomee namba kumi za nasibu, nami namrudishia. Ya zamani ilikosea tatu au nne mtandao ukiwa dhaifu. Ya orodha ndefu, kupitia programu yake, ilikuwa bora kuliko zote mtandao ukiwa mzuri, lakini ukidhoofika ilisubiri, ikakusanya maneno, kisha ikayamwaga kwa kasi kama mtu anayekimbizwa. Ya tatu ilikuwa na sauti ya kawaida kabisa, kavukavu, na tarakimu zilifika.

Kipimo changu cha pili ni kuhesabu kwa kupokezana. Wewe moja, mimi mbili, wewe tatu. Sauti ikichelewa, hesabu inapoteza mdundo kabla hamjafika kumi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo ya kawaida, na 400 kama ukomo. Mimi sina kifaa cha kupima milisekunde; nina "samahani, endelea", "hapana, endelea wewe", halafu wote kimya, halafu wote pamoja. Mkutano ukiwa na hizo nyingi, ujue sauti inachelewa.

Niseme pia jambo ambalo mwanzoni niliwalaumu bure watoa huduma. Mwangwi. Ukisikia sauti yako mwenyewe inakurudia, karibu kila mara kosa haliko kwako. Liko kwa mtu mwingine ambaye spika yake inapiga kelele karibu na maiki yake, na yeye hasikii chochote. Ndiyo maana haukomi: anayeusababisha hauoni, anayeusikia hana la kufanya. Kwetu zilikuwa simu mbili kwenye meza moja, zote mbili zimewashwa spika, wenye simu wameketi ubavu kwa ubavu. Hakuna huduma inayotibu hilo. Lakini ipo inayokuonyesha ni nani.

Hicho ndicho kipengele ambacho sasa nakitanguliza mbele ya vyote: mwenyekiti aione orodha ya waliomo, aone laini ipi inatoa sauti sasa hivi, na aweze kuizima. Ya zamani haikuwa nacho kabisa. Ulikuwa na amri za vibonye tu, nyota sita kujizima mwenyewe, na amri nyingine ya kuwazima wote, kama kuzima umeme wa mtaa mzima kwa sababu ya redio ya jirani mmoja. Ya orodha ndefu ilikuwa nacho, lakini kwa walioingia kwa programu. Waliopiga simu waliandikwa "Mpigaji 1", "Mpigaji 2", na wakikata na kurudi namba zinabadilika, kwa hiyo ukimzima Mpigaji 3 unaweza kuwa umemziba mdomo mkurugenzi. Ilitokea. Hatukucheka mpaka alipocheka yeye. Ya tatu inakuruhusu kuandika majina mbele ya namba mara moja, na kila namba ikiingia tena inakuja na jina lake.

Sasa mlangoni. Ya zamani ilitupa chumba kimoja chenye namba ya siri ileile daima, na milio ya kuingia nilikuwa nimeizima mimi mwenyewe kwa sababu watu wakichelewa inakuwa kama kengele za baiskeli. Siku moja mkutano wa ndani ulirefuka, na saa nne tulikuwa na mteja, chumba kilekile, namba ileile. Tulikuwa bado tunajadili ni punguzo gani tumpe, na mmoja wetu alikwisha kusema mpaka kiwango cha mwisho tutakachofika, mara tukasikia kikohozi. Kikohozi kifupi cha mtu anayetaka kuwasaidia wenzake wasiendelee kuaibika. Mteja alikuwa amewahi. Punguzo alipata lote, bila kuomba.

Wakubwa kuliko sisi wamepatikana vivyo hivyo. Januari 2012 wapelelezi wa FBI na wa polisi wa London walifanya mkutano wa simu kuhusu kundi la wadukuzi la Anonymous, na wadukuzi wenyewe walikuwa wakisikiliza. Mwezi uliofuata wakaitoa rekodi hadharani. Hawakuvunja mtambo wowote wa simu. Walikuwa wameipata barua pepe ya mwaliko, yenye namba ya kupiga na namba ya siri ndani yake.

Kwa hiyo nilipouliza habari za usalama sikuuliza sana juu ya usimbaji fiche (kuivuruga sauti njiani ili asiyehusika asiielewe), ambao wote wanautaja na wachache wanaueleza. Tena ukipiga kwa simu ya kawaida, hiyo njia ya simu haimo kwenye usimbaji wao. Niliuliza: namba ya siri inabadilika kila mkutano? Kuna chumba cha kusubiria nje? Naweza kufunga mlango tukishatimia? Mwenyekiti ana namba yake tofauti na ya wajumbe? Ya orodha ndefu ilijibu ndiyo kwa yote manne, na nawapa haki yao, walikuwa wameifanya vizuri kuliko wenzao. Ya tatu ilijibu ndiyo kwa matatu. Haina chumba cha kusubiria. Ina hodi, yaani mpigaji anataja jina lake, nalo linachezwa kwa mwenyekiti peke yake kabla hajaamua kumfungulia.

Gharama ndiyo inayofanana kwenye vipeperushi na kutofautiana kwenye ankara. Ya zamani ilitoza kwa dakika, nasi tukafikiri mkutano wa dakika 45 ni dakika 45. Ni dakika 45 mara watu 14, yaani 630, na kila laini iliyoishia kwenye sekunde chache ilisogezwa hadi dakika kamili. Wanaowahi na kukaa wakisubiri nao wanahesabiwa. Ya orodha ndefu ilikuwa na malipo ya mwezi yasiyobadilika, jambo lililomfurahisha mhasibu hadi ankara ya kwanza ilipokuja na mstari wa pili: simu zilizopigwa kwa namba ya kawaida zinatozwa kando. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, sikatai, ukurasa wa tisa. Ya tatu inatoza kwa dakika, ila inahesabu kuanzia mwenyekiti anapoingia.

Kipengele kimoja sikukitarajia, na sasa siwezi kuishi bila yake: mtambo kuwapigia watu badala ya watu kuupigia mtambo. Dereva hawezi kuendesha huku anabonyeza namba ya mkutano yenye tarakimu tisa, kisha namba ya siri, kisha alama ya reli. Ya tatu inampigia saa ikifika, tukiwa tumekubaliana awe ameegesha. Anasikia, "Bonyeza moja kuingia." Nilidhani hiyo moja ni usumbufu, hadi siku niliyoelewa sababu yake: bila hiyo, mtu asipopokea, mashine ya ujumbe wa sauti ingepokea kwa niaba yake na kuingia mkutanoni kutusalimia.

Vibonye hivyo navyo vilitusumbua. Kila kibonye hutoa milio miwili kwa pamoja na mtambo unaitambua. Lakini milio hiyo ikipita kwenye intaneti ikiwa imebanwa kama sauti ya mtu, inaharibika. Mwenzetu mmoja alibonyeza namba ya siri siku tatu akiambiwa si sahihi. Nilipiga huduma kwa wateja ya ile ya tatu, akapokea binadamu, akauliza swali moja kuhusu swichibodi ya yule mwenzetu, akasema fundi abadilishe mpangilio ili milio itumwe kama taarifa badala ya sauti. Ikaisha. Kwa ya orodha ndefu swali langu kama hilo lilipewa namba ya tiketi, na nadhani tiketi hiyo bado inasafiri.

Kurekodi zote zinarekodi. Angalia tu kama zinawatangazia waliomo, maana kuna mahali, kwa mfano jimbo la California kule Marekani, ambapo mazungumzo ya faragha hayarekodiwi mpaka wote waridhie. Muhtasari wa akili mnemba wa ile ya orodha ndefu ulinichekesha wiki mbili: mzigo wetu uliokwama bandarini uliandikwa umekwama "bendera", na mhasibu akapewa jukumu la "kulipa kodi ya mapema asubuhi njema". Tukarudi kwenye daftari.

Tumebaki na ya tatu. Ukurasa wake ni mbaya kuutazama, hauongei na kalenda yetu, rekodi wanazifuta baada ya siku 30, na mkutano wa zaidi ya watu 50 hauwezi. Kampuni kubwa ningeiambia iende kwa ile ya orodha ndefu, lakini ianzie kusoma ukurasa wa tisa.

Yule wa muziki hajabadilika. Jumatatu iliyopita nikaona mstari mdogo wa kijani unaanza kucheza mbele ya jina lake, nikamzima kabla filimbi haijafika. Alirudi baadaye, akatoa taarifa yake yote ya wiki akiwa amezimwa. Niliona kwenye orodha, mstari unaruka, hakuna sauti. Nilipomfungulia alikuwa anamalizia: "…kwa hiyo nafikiri tumekubaliana."