Cicero wa mitumba Bukavu: De Officiis kwa lugha mbili

Mwanafunzi wa Latini-Filo (mchepuo wa sekondari wa Kilatini na falsafa) anayetafuta De Officiis, yaani "Juu ya Wajibu", anunue nakala yenye Kilatini na Kifaransa kurasa zikitazamana, na namba za vifungu pembeni; bila namba hizo kunukuu ni taabu. Kagua mgongo: gundi haipatani na unyevu wa Bukavu, kurasa hung'oka. Ulioshonwa kwa uzi hudumu.

Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia kitabu hiki mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma Athene, mwaka 44 K.K. Sehemu ya kwanza ni nzito. Anza na ya tatu: mfanyabiashara afikisha nafaka Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, wakati wa njaa, akijua meli nyingine zinakuja. Awaambie wanunuzi? Cicero anasema ndiyo. (Muuza unga wa kwetu angebisha!) Hapo ndipo kitabu kinalipa bei yake.