Msimu Mmoja Katika Kampuni ya Ukandarasi ya Kuzima Moto wa Nyika, Oregon

Msimu wa 2023 nilifanya kazi katika kampuni binafsi ya jimbo la Oregon, Marekani, inayokodisha vikosi vya watu 20 kwa serikali ili kuzima moto wa nyika. Tathmini hii namwandikia anayefikiria kujiunga na kampuni ya aina hiyo, kwa kuwa msimu ulikuwa tulivu, na utulivu huo ulifichua mambo ambayo mwaka wa moto mwingi huyafunika.

Mafunzo yalikuwa mazuri kweli. Wakufunzi walitueleza tabia ya moto kwa subira, wakatuzoeza kutumia pulaski, yaani kifaa chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, na wakaturudisha kwenye zoezi la kufungua hema la kujikinga na moto mpaka mikono ikaijua kazi hiyo yenyewe. Jaribio la kutembea maili 3 kwa dakika 45 ukiwa na mzigo wa pauni 45, ambao ni kama kilo 20, lilisimamiwa kwa haki. Mwishoni tulipewa kadi nyekundu ambayo, kinyume na ile ya mpira wa miguu, ndiyo inayokuruhusu kuingia uwanjani.

Baada ya hapo tulikaa. Mzimamoto wa serikali kuu hulipwa saa zake hata siku anayoshinda akinoa majembe kituoni, lakini sisi wa mkataba tulilipwa tulipoitwa tu. California, ambako vikosi vya Oregon huenda kusaidia, ilikuwa imepata theluji nyingi mno milimani wakati wa baridi, na mwezi Agosti mvua za kimbunga Hilary zikaongezea. Katika Marekani nzima ziliungua mwaka huo takriban ekari milioni 2.7, ilhali mwaka 2020 ziliungua zaidi ya milioni 10.

Siilaumu kampuni kwa mvua. Ninaloilaumu ni kwamba aliyetuandikisha alituahidi kazi ya majira yote ya kiangazi, huku theluji ikijulikana na kila mtu, kisha tukatakiwa kufika kwenye ghala la kampuni ndani ya saa mbili tukipigiwa simu, bila malipo ya kusubiri, sharti ambalo lilitunyima nafasi ya kushika kibarua kingine cha maana. Buti za ngozi zenye urefu wa inchi 8, ambazo bei yake ni dola mia kadhaa, nilijinunulia mwenyewe.

Niliitwa mara mbili: siku 14 kamili, kisha siku 5 tukarudishwa. Muda mwingi tulipapasa majivu kwa mgongo wa kiganja tukitafuta joto lililojificha chini ya visiki, kazi isiyopigwa picha na mtu, ingawa kiongozi wetu wa kikosi aliisimamia kwa umakini uleule ambao angeutumia mbele ya ndimi za moto. Kwake nisingeongeza wala kupunguza neno.

Naipa kampuni nyota tatu kati ya tano. Anayekwenda huko aulize, kabla ya kutia saini, kikosi kiliitwa siku ngapi katika kila mmoja wa misimu mitatu iliyopita, na kama ipo kazi ya kupunguza vichaka moto usipowaka. Mimi sikuuliza, na soli za buti zangu bado ni mpya.