Vitabu vya herufi za kuchimbwa: seti nzuri, umri usio wake

Maduka ya vifaa vya shule Kariakoo yamejaa seti hii: vitabu 4 vya karatasi nene vyenye herufi, namba na michoro iliyochimbwa, kalamu moja, mirija ya wino unaojifuta wenyewe na kijimpira cha kushikia kalamu. Wauzaji huinadi kwa watoto kuanzia miaka 3. Hapo hatukubaliani nao.

Kifereji cha herufi iliyochimbwa ndicho kinachoongoza kalamu, si jicho la mtoto. Anaweza kumaliza ukurasa mzima wa "a", kisha ukampa karatasi tupu akashindwa hata kufunga duara. Na kwa kuwa kalamu haimponyoki, hata akiishika kwa ngumi kazi itaonekana safi.

Kabla ya kununua, mpime kwa chaki. Chora wewe, naye aige pembeni bila kufuatisha juu ya mchoro wako: mstari wa kusimama, wa kulala, duara, msalaba, mraba. Msalaba wengi huuweza kwenye miaka 4, mraba kati ya 4 na 5. Pembetatu huchelewa kwa sababu ya mistari ya mshazari, ambayo ndiyo inayowasumbua pia kwenye k, v na x. Akifika kwenye mraba, nunua.

Hajafika? Vunja chaki vipande vya sentimita 2 au 3. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, lazima kidole gumba na cha shahada vifanye kazi. Ubao uwe wima, usawa wa macho yake, ili bega na kifundo cha mkono vipate nguvu. Achambue mchele kwenye ungo, abane vibanio vya nguo kwenye kamba. Afinyange donge la unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, kijiko cha mafuta, na maji ya kuongeza kidogokidogo. Kwa unyevu wa Dar chumvi huvuta maji na donge hunata: lihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, ongeza unga likilegea.

Tukirudi kwenye seti, kitabu cha michoro ndicho bora, anzia hapo. Kijimpira kikague dukani, maana vingine vimeumbwa kwa mkono wa kulia tu. Wino kujifuta kunaokoa karatasi, lakini kazi ya asubuhi jioni haipo, kwa hiyo mara moja kwa wiki aandike kwa penseli kwenye daftari, nawe uweke tarehe.