Stendi za nota na taa zake: uzoefu wangu katika kikundi cha taarab cha harusini

Kikundi chetu kinapiga taarab asilia hapa Unguja, na riziki yetu kubwa ni harusi. Leo tuko ukumbi wa mjini chini ya mapangaboi, kesho bustani ya hoteli kule Paje, hatua chache kutoka majini, na upepo wa kusi unavuma. Mimi napiga fidla. Nyimbo nyingi ziko kichwani, lakini bashraf (kipande cha ala tupu, bila kuimba) ya kurasa tatu au nne siipigi bila karatasi, na vijana wetu waliopitia DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, wamelelewa kwa nota tangu siku ya kwanza. Nimetumia stendi na taa za aina nyingi, za kikundi, zangu na za kuazima. Haya ni maoni yangu kwa anayenunulia bendi inayohama kila wiki, si kwa mwenye chumba chake cha kufanyia mazoezi.

Nianze na stendi za waya, kwa sababu ndizo unazozikuta kirahisi madukani, na bei yake haimtishi mtu. Ni nyepesi, zinakunjika mpaka zikaingia ubavuni mwa begi la fidla. Ndani ya ukumbi zinafaa. Ugonjwa wake uko kwenye kiungo cha katikati, pale bomba la juu linapoingia kwenye la chini. Kikiwa cha plastiki, baada ya miezi michache skrubu haikazi tena, na ubao wa kuwekea karatasi unaanza kushuka taratibu katikati ya wimbo, nawe mikono yote miwili ina kazi. Ukiwa dukani usitazame rangi. Vuta bomba mpaka juu, kaza, kisha ukandamize ubao kwa kiganja. Ukishuka hata kidogo, rudisha. Tena tazama ile mikono miwili ya waya inayobeba kurasa za pembeni: ikipinda kwa uzito wa daftari moja nene, itapinda zaidi siku ya kazi.

Upande wa pili kuna Manhasset 48, ile nyeusi unayoiona kwenye okestra na mashuleni, inayotengenezwa Yakima, Marekani. Haina skrubu ya kukazia urefu: unainyanyua kwa mkono mmoja, inakaa pale pale ulipoiachia. Nimeizoea kwenye mazoezi na sijaona stendi iliyotulia kuliko hiyo. Lakini haikunjwi, na ina uzito unaozidi kilo tatu. Gari letu ni Noah moja. Ukishapakia besi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), spika na watu, stendi kumi za namna hiyo zitapanda juu ya paa au zitabaki nyumbani. Mwenye ukumbi wake anunue hizo na asisumbuke tena.

Niliyoichagua kwa kazi za nje ni ya katikati: inakunjwa kama ya waya lakini ina ubao wa kweli. Yangu ni Peak SMS-20, nililetewa na ndugu anayeishi Marekani, pamoja na mfuko wake. Huko bei yake ni mara tatu au nne ya ile ya waya, na ukijumlisha usafiri inapanda zaidi. K&M wa Ujerumani na Hercules nao wana za aina hii, wenzangu wawili wanazo na hawalalamiki. Ubao mpana unabeba daftari zima bila kunesa, na naweza kuandika kwa penseli juu yake bila karatasi kutoboka.

Ubao huo huo ndio unaoleta taabu ya upepo. Stendi ya waya inapitisha hewa. Ya ubao mzima inashika upepo kama tanga. Usiku wa kwanza Nungwi tuliona stendi ya kodiani ikilala kifudifudi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Dawa tuliyoipata ni kuangalia miguu. Stendi ya miguu mitatu haina nguvu sawa kila upande: inaanguka kirahisi kuelekea kwenye nafasi iliyo baina ya miguu miwili, na inashindana zaidi kuelekea kwenye mguu wenyewe. Basi simama kwanza, sikiliza upepo unavuma kutoka wapi, kisha uelekeze mguu mmoja kule upepo unakokwenda. Shusha ubao mpaka usawa wa kifua (sisi tunapiga tumekaa, hatuna haja ya urefu), na ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye bomba la katikati, karibu na ardhi. Kwa upepo wa kawaida wa ufukweni inatosha. Karatasi zenyewe tunazibana kwa vibanio vya nguo vya mbao. Vya plastiki vikikaa juani vinakatika.

Mafundi wa kuuza watakwambia kadiri miguu inavyotanuka ndivyo bora. Kwa upepo, ni kweli. Kwa harusi ya Kizanzibari, ngoja kwanza. Wimbo ukikolea kina mama wanakuja kutunza, wanakuja kwa mstari, noti mkononi, madera yanaburura, macho yako kwa mwimbaji. Mguu uliotanuka unakamata upindo wa dera mara moja. Bibi mmoja alinasa, akajinasua, akatugeukia: "Wanangu, mitego hii mnamtegea nani?" Ukumbi ukacheka, wimbo ukaendelea. Tangu hapo tunazungushia utepe mweupe kwenye ncha za miguu, na stendi zinarudi nyuma ya mwimbaji kwa nafasi ya mtu mmoja kupita. Kwa hiyo ukinunua, tafuta miguu inayoweza kukazwa ikiwa imetanuka nusu, si ile inayokubali kukunjwa kabisa au kutanuka kabisa tu. Nje unaitanua, ukumbini unaikusanya.

Sasa taa, na hapa ndipo naona watu wanabania pesa mahali pasipostahili. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kurasa mbili wazi ni 42, na bashraf ya kurasa tatu ukiitandaza ni 63. Taa ndogo ya klipu yenye kichwa kimoja cha mviringo inamulika duara katikati, kona zote mbili gizani, na mabadiliko ya maqam (ngazi ya sauti ya Kiarabu) mara nyingi yanakaa kule kule konani. Taa ya stendi lazima iwe na kichwa kirefu cha kulala, au shingo mbili. Ninayoitumia ni Mighty Bright ya okestra, yenye LED tisa kwa mstari. Inakula betri za AA au adapta. Mwanga unafika kwenye kurasa mbili bila shida, ya tatu inapata mabaki.

Kuna jambo la rangi ambalo duka halitakwambia. Wapambaji wa siku hizi wanamwaga taa nyekundu na za buluu jukwaani, na chini ya taa nyekundu alama zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu zinapotea kabisa kwenye karatasi nyeupe. Mwalimu wetu alikuwa anaweka alama zote za upinde kwa wino mwekundu. Kwa penseli nyeusi na taa yako mwenyewe juu ya ukurasa, taa za mpambaji zinakuwa shida ya mpiga picha, si yako. Chagua mwanga wa manjano kidogo badala ya mweupe mkali: hauwachomi macho walio mbele, na nje wadudu wanaufuata kwa uchache. Msimu wa kumbikumbi utanielewa. Na karatasi usiziweke kwenye mifuko ya plastiki inayong'aa, maana utasoma taa badala ya nota.

Betri au kuchaji? Taa ya betri inafifia polepole, inakupa taarifa. Nyingi za kuchaji kwa USB zina mwanga ule ule mpaka dakika ya mwisho, halafu zinazima ghafla. Nina zote mbili, na kwa kazi ndefu nabeba ya betri, na betri za akiba nilizozijaribu nyumbani, kwa sababu betri za bei ya chini zina uwongo mwingi. Umeme ukikatika na jenereta ikichelewa, taa za stendi ndizo peke yake zinazowaka ukumbini, na kikundi kinaweza kuendelea bila vipaza sauti. Waya wa adapta sakafuni sikushauri hata kidogo, kwa sababu ile ile ya madera.

Vijana wawili wamehamia kwenye tableti. Haipeperuki, haihitaji taa. Inahitaji stendi imara kuliko karatasi, chaji, na roho ya kuiacha pembeni ya sinia la birika la kahawa. Mimi bado.

Chumvi ya bahari itakula chochote chenye chuma. Ukirudi kutoka ufukweni pangusa kwa kitambaa kibichi cha maji yasiyo na chumvi, kausha, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo. Stendi ya waya niliyoisahau ndani ya mfuko wake baada ya kazi ya Paje haikufunguka tena bila koleo.

Ambaye hatujampatia suluhisho ni mzee wetu wa kanuni. Ala yake imelala mapajani, kwa hiyo stendi lazima ikae mbali mbele yake na iwe chini, na taa yoyote inayomulika karatasi yake inampiga usoni mtu aliyekaa meza ya kwanza. Tumejaribu kuipindua shingo, tumejaribu kuifunika nusu kwa karatasi ya fedha ya jikoni. Mwenye kikundi chenye kanuni aliyepata stendi fupi ya kukunjwa, yenye ubao unaoweza kulala karibu bapa, aniambie ni chapa gani.