Kupandisha kolesteroli nzuri: mazoezi au chakula?

Kolesteroli nzuri, yaani HDL, huokota kolesteroli iliyozidi kwenye kuta za mishipa ya damu na kuirudisha kwenye ini. Mwanamume akiwa chini ya 40 mg/dL (miligramu kwa kila desilita ya damu), au mwanamke chini ya 50, kiwango hicho ni cha chini.

Kwa kuipandisha, naona mazoezi yanashinda: kutembea haraka hadi pumzi ibadilike, walau dakika 150 kwa wiki, bila kukata tamaa, maana matokeo huchukua wiki kadhaa. Chakula huipandisha kidogo tu. Nguvu yake kubwa ni kushusha ile mbaya, hasa ukiacha mafuta yaliyogandishwa kiwandani ukala samaki na karanga. Unavuta sigara? Tafadhali anza kwa kuacha. HDL hupanda hata kabla hujabadilisha mlo.